OT nje ya wodi: kiwandani, nyumbani kwa watu, karakana ya viti mwendo au kambini?

Ukisema hospitalini "naenda OT", nusu ya watu wanadhani unaelekea chumba cha upasuaji. Ukisema mtaani wewe ni mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapist, ndiyo hiyo OT), jirani atakuuliza kama unaweza kumtafutia mwanawe ajira. Ndiyo maana wengi wetu tumezoea kujieleza kwa mifano: mimi ni yule anayemfundisha mama aliyepata kiharusi kukuna nazi kwa mkono mmoja, anayemsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo kushika kijiko mwenyewe, anayemrudisha dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu kwenye ngazi za nyumbani kwake. Jina la tiba kwa vitendo linakaa vizuri zaidi mdomoni kuliko mengine yote, nami nalipenda, ingawa tukiwa wenyewe kwa wenyewe tutabaki kuitana OT.

Shida inaanza baada ya kuhitimu. Ukiwa umesoma KCMC Moshi au KMTC Nairobi, umefundishwa mambo mapana kabisa, halafu unakuta nafasi zenyewe ni zile zile: wodi ya mifupa, kitengo cha afya ya akili, kliniki ya watoto. Nafasi chache, waombaji wengi. Hapo ndipo mtu anafungua simu na kukutana na orodha za Kimarekani za kazi ishirini "mpya" ambazo OT anaweza kufanya. Zinatamanisha. Ila zimeandikwa kwa nchi ambako kuna mtu tayari anayelipa bili, na orodha hazikuambii huyo mtu ni nani.

Kwa hiyo nalinganisha njia hizi kwa swali moja ambalo ningependa mtu angeniuliza mapema: nani analipa? Kipaji na mapenzi ya kazi navyo vina nafasi yake. Lakini anayelipa ndiye anayeamua siku yako itaanza saa ngapi, ripoti yako itasomwa na nani, na mkataba utaisha lini.

Kiwandani na ofisini

Hapa analipa mwajiri, na kwa Afrika Mashariki hii ndiyo njia pekee kati ya zote ambayo mlipaji amebanwa na sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Fidia ya WCF haiishii kwenye fedha mkononi. Utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kujimudu na kufanya kazi, nao ni miongoni mwa mafao. Kenya ilipitisha sheria zake mbili mwaka mmoja, 2007: ya usalama na afya kazini, na ya mafao ya majeraha ya kazini, ile wanayoiita WIBA. Mfanyakazi akiumia mkono kwenye mashine, kuna mahali pa kupeleka ankara. Kwa OT aliyezoea kumwona mgonjwa akiacha kliniki kwa kukosa nauli, hilo si jambo dogo.

Siku yenyewe ikoje? Unasimama pembeni ya mstari wa kufungasha maua na saa mkononi, ukihesabu mara ngapi mkono unapanda juu ya bega kwa dakika. Unapima kimo cha meza, uzito wa kreti, umbali wa hatua. Unamwuliza dada aliyekaa hapo miaka sita kiganja kinaanza kufa ganzi saa ngapi. Huo ni uchambuzi wa kazi tuliofundishwa mwaka wa kwanza, tukaudharau kwa kuona ni karatasi tu. Kumbe ndio mali. Kisha unapendekeza: meza ipande sentimita kumi, watu wabadilishane vituo kila saa mbili, aliyevunjika mkono arudi kwa nusu siku na kazi nyepesi kabla ya kurudi kamili.

Uwanja huu lakini una wenyewe. Maofisa usalama na wahandisi walishaingia zamani, wana vyeti vya usalama kazini, na wanajulikana na mameneja. Ukiingia kwa kujitangaza kuwa mtaalamu wa egonomia ya viti vya ofisi, utashindana na muuza viti. Sehemu ambayo hawakuwezi ni baada ya ajali: kumrudisha mtu kazini. Ofisa usalama anajua kuzuia kidole kisikatike. Kikishakatika, hajui la kufanya na mwenye kidole. Jitangaze hapo.

Wenzetu wa Uingereza wamesukuma mbele zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2022, OT katika England, Wales na Scotland anaruhusiwa kusaini cheti kinachosema mtu hafai kufanya kazi, au anaweza kufaa kwa masharti fulani, jambo lililokuwa la daktari peke yake. Huku kwetu ED, cheti cha kumpumzisha mgonjwa kazini, bado inaandikwa na daktari au tabibu, mara nyingi kwa maneno mawili: kazi nyepesi. Kazi nyepesi ni ipi kwa mpakiaji wa magunia? Hakuna anayesema. Ripoti ya kurasa mbili inayojibu swali hilo ndiyo bidhaa yako ya kwanza sokoni.

Sasa ubaya wake, na ni ubaya mkubwa. Una mabwana wawili. Anayekulipa ni mwajiri, unayemhudumia ni mfanyakazi, na siku moja utaandika ripoti ya kweli itakayotumiwa kumwachisha mtu kazi. Niliwahi kuona hilo kwa karibu: mapendekezo ya kupunguziwa mzigo yalisomwa kama ushahidi kwamba mtu hafai tena. Tangu siku hiyo naona mkataba wowote wa kiwandani usio na kifungu kinachosema nani ataiona ripoti, na ipi itabaki kwa mfanyakazi mwenyewe, haufai kusainiwa.

Nyumbani kwa watu

Hii ndiyo njia inayosifiwa zaidi kwenye orodha za Marekani: kurekebisha nyumba ili mzee azeekee kwake. Kuna cheti maarufu kiitwacho CAPS, kilichoanzishwa mwaka 2002 na chama cha wajenzi wa nyumba cha huko, NAHB, kwa kushirikiana na AARP, chama cha wazee na wastaafu. Angalia nani aliyekianzisha: wajenzi. Fundi na OT wanakaa darasa moja na kutoka na cheti kile kile. Na bima ya wazee ya Medicare, kwa utaratibu wake wa kawaida, hailipii kubomoa bafu. Familia ndiyo inalipa.

England ni tofauti kabisa. Halmashauri ina ruzuku ya marekebisho ya nyumba kwa watu wenye ulemavu, kikomo chake paundi 30,000, na kwa kawaida OT ndiye anayetembelea nyumba na kuandika kinachohitajika kabla fedha hazijatoka. Huko OT wa nyumba ni mtumishi mwenye foleni ya maombi. Marekani ni mfanyabiashara anayetafuta wateja. Kazi ile ile, maisha mawili.

Na huku? Mlipaji mkubwa wa marekebisho ya nyumba Afrika Mashariki, kwa ninavyoona mimi, ni mtoto aliye mbali. Yuko Muscat, yuko Minneapolis, yuko Leicester. Baba amepata kiharusi Tanga au Kisumu, na mtoto anatuma fedha asijue zinunue nini. Kaka wa nyumbani atanunua godoro. Shangazi atapendekeza choo kipya. Mtu anayeweza kuingia na futi, kupima, kuchora, kukaa na fundi na kumtumia mwenye fedha picha za kila hatua, huyo anatafutwa.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni hesabu. Mteremko salama kwa kiti mwendo unahitaji urefu wa mara kumi na mbili ya kimo chake. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 30, ambacho ni cha kawaida kabisa kwenye nyumba zetu, kinataka mita 3.6 za mteremko. Ua mwingi hauna hiyo nafasi. Ukilazimisha, fundi atakujengea kitu kama cha kupandishia ng'ombe kwenye lori. Tatizo la pili ni mlango wa choo: sentimita 60 au 65, na kiti chenyewe kina upana huo huo au zaidi. Tatizo la tatu ni choo cha kuchuchumaa. Vitabu vya ughaibuni havina sura kuhusu choo cha kuchuchumaa. Utatengeneza mwenyewe: kiti cha chuma chenye tundu juu ya sinki la chini, vyuma vya kushikia vilivyochimbiwa ukutani, sakafu isiyoteleza maji yakimwagika, maana yatamwagika.

Ni kazi yenye historia ndani yake. Fani yetu ilipoanzishwa rasmi, Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, waasisi walikuwa sita. Daktari alikuwa mmoja tu, William Rush Dunton. Wasanifu majengo walikuwa wawili: George Barton, ambaye mwenyewe alikuwa amekatwa sehemu ya mguu na kupooza upande, na Thomas Kidner. Anayekuambia kwamba OT akishika ramani ya nyumba ametoka nje ya fani yake, mpe takwimu hiyo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kila nyumba inafanyiwa kazi mara moja. Ukimaliza, umemaliza, kesho unatafuta nyumba nyingine. Halafu kuna siasa za ukoo. Utakuta nyumba ni ya urithi, haijagawanywa, na kila msumari unahitaji kikao. Ukikuta ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki ukuta wake uguswe. Ukilinganisha na kiwandani: kiwanda kinalipa kwa kuchelewa lakini kinalipa, na kinarudi. Familia inalipa haraka mwanzoni, kisha awamu ya pili inaingia kwenye ada za shule. Chukua malipo ya tathmini kabla hujapima chochote, na usiwe wewe unayeshika fedha za saruji. Hilo la pili nalisisitiza. OT akishika fedha za vifaa, siku tofali zikipungua yeye ndiye mwizi.

Karakana ya viti mwendo na vifaa saidizi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo penye nafasi kubwa zaidi kwetu, na ndipo OT wengi wanapapita bila kupaona.

Ripoti ya pamoja ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani hadi kiti mwendo, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata hawafiki mbali zaidi ya asilimia 3 ya wanaohitaji. Takwimu kubwa kiasi hicho huwa hazisemi kitu mpaka uingie kwenye stoo ya hospitali ya wilaya. Humo utakuta viti mwendo vimepangana: vya msaada, vya saizi moja, vya kutembea kwenye sakafu ya marumaru ya uwanja wa ndege, vimekatika magurudumu ya mbele baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi. Viti vipo. Aliyekosekana ni mtu wa kupima nyonga.

Mafunzo ya msingi ya WHO kuhusu viti mwendo, yaliyotoka 2012, yanataja hatua 8: rufaa, tathmini, kuandika aina ya kiti, fedha na kuagiza, kukiandaa, kukipima mwilini mwa mtumiaji, kumfundisha, na kumfuatilia. Ugawaji wetu wa kawaida una hatua moja: picha na mgeni rasmi. Hatua saba zinazobaki ni kazi ya mtu mwenye mafunzo kama yako. Mtu aliyeumia uti wa mgongo, asiyehisi makalio, akikaa kwenye turubai lililolegea bila mto sahihi, atapata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vinaua. Sentimita mbili za upana wa kiti na mto uliochongwa vizuri vinaweza kuwa tofauti kati ya kurudi dukani kwake na kurudi wodini.

Msingi wa kujifunzia upo karibu. Moshi kuna TATCOT, chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia, kilichoanza 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mombasa kuna karakana za Bombolulu, na APDK, chama kilichozianzisha, kimekuwa kikitengeneza viti mwendo Kenya kwa miaka mingi. Mtandaoni WHO wana kozi ya bure iitwayo TAP kuhusu vifaa saidizi vya kawaida, na ISWP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa viti mwendo, wana mtihani wa msingi wa huduma ya viti mwendo ambao unaweza kuufanya ukiwa Sumbawanga, ilimradi bando lipo. Gharama ya kuingia kwenye njia hii, ukilinganisha na vyeti vya Marekani, ni ndogo mno.

Nani analipa? Hapa jibu ni mchanganyiko: wafadhili, mashirika ya dini, baraza la taifa la watu wenye ulemavu kwa upande wa Kenya, mfuko wa fidia kama ajali ilikuwa ya kazini, familia, na wakati mwingine mbunge anayekaribia uchaguzi. Mchanganyiko huo unachosha kuuandikia barua, lakini una faida yake: mmoja akikauka, wengine wapo. Na kifaa hakiishi siku ya kukabidhiwa. Mtoto anakua, kiti kinabana. Bearingi zinakufa. Mteja wa kiti mwendo ni wa maisha, tofauti na mteja wa nyumba.

Lakini jiulize kwanza kama unapenda grisi. Nimeona wenzangu wazuri sana wa kliniki wakikaa mlangoni mwa karakana wakimwelekeza fundi kwa kidole, na fundi akiitikia "sawa, dokta" huku akifanya anavyojua. Heshima ya karakana inapatikana kwa kushika spana. Asiyetaka kuchafuka asije huku. Kuna njia nyingine safi, na nitazifikia.

Upande wa kompyuta wa njia hii, yaani programu za kuzungumzia kwa asiyeweza kuongea, swichi za kuendeshea simu kwa kidevu, vishikio vya kijiko vilivyochapwa kwa printa ya 3D, unavutia vijana zaidi. Nami naupenda. Ila kwa bei za sasa, ningemwambia mtu aanze na simu ambayo mgonjwa tayari anayo mfukoni. Karibu kila simu janja ina ndani yake uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti na kuongozwa kwa sauti, na hakuna aliyewahi kumwonyesha mwenye simu.

Kambini na kwenye miradi

Kakuma ilianza 1992, Dadaab 1991, Nyarugusu mkoani Kigoma 1996. Kambi zenye umri wa miaka thelathini zina wazee wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, majeraha ya risasi na huzuni isiyo na dawa, sawa na mji wowote, ila bila hospitali ya mji. Mashirika kama Humanity & Inclusion, lililoanza 1982 kwa wakimbizi wa Kambodia waliokuwa Thailand, yamekuwa yakiajiri wataalamu wa utengamao kwenye mazingira ya namna hiyo.

Kwa kujifunza haraka, hakuna njia inayoshindana na hii. Mwaka mmoja kambini utakufanya uone magonjwa ambayo wodini ungesubiri miaka mitano. Utafanya kazi kupitia wafanyakazi wa jamii ambao wenyewe ni wakimbizi, na kwa watu wa Kongo na Burundi Kiswahili chako kitakuwa chombo cha kazi, kitu ambacho mgeni wa Ulaya hana. Malipo na posho mara nyingi yanazidi ya serikali.

Mlipaji, hata hivyo, ni mfadhili aliye mbali, na mwaka 2025 ulituonyesha maana yake. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia tarehe 1 Julai USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Miradi iliyokuwa na mpango wa miaka mitano ilifunga ofisi ndani ya wiki. Waliokuwa na ajira ya kudumu hospitalini wakiwa likizo bila malipo walirudi. Walioacha kabisa walianza upya. Ukiulizwa na mwajiri wako wa sasa kama unaacha au unaomba likizo bila malipo, jibu lenye busara liko wazi, ingawa si kila mwajiri atalikubali.

Kitu kingine ambacho tangazo la kazi halisemi: ukifanya vizuri, utapandishwa cheo mpaka usiguse tena mgonjwa. Unakuwa mratibu, unaandika ripoti za robo mwaka, unahesabu "wanufaika". Wapo wanaoipenda kazi hiyo na kuifanya kwa ufasaha. Wengine wanagutuka baada ya miaka mitatu na kukuta mikono imesahau kutengeneza banzi.

Zile zinazobaki, kwa kifupi

Tiba kwa simu. Wakati wa UVIKO-19 wengi tulijaribu, na kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji anayeishi mbali na mji ina msaada wa kweli: unaona jinsi mtoto anavyokula kwenye mkeka wake mwenyewe. Kama njia ya kuishi kwayo peke yake, naiona kama kachumbari. Inapendeza pembeni ya wali. Na usihifadhi video za wagonjwa kwenye WhatsApp ya simu yako binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ya kwake ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimetajwa kote kuwa nyeti. Mwenye ndoto ya kuhudumia wateja wa Marekani akiwa Arusha ajue kwamba leseni inayohitajika huko ni ya jimbo alipo mteja.

Udereva. Marekani ni taaluma kamili. Chama chao, ADED, kilianza 1977, na OT hupima kama aliyepata kiharusi anaweza kurudi barabarani na gari lake linahitaji nini. Huku soko bado halijazaliwa, ingawa mbegu ninaziona: magari ya mtumba kutoka Japani mengi ni otomatiki, na Toyota huuza kwao aina ya Welcab, yenye viti vinavyozunguka au mteremko wa kiti mwendo nyuma. Aliye Nairobi au Dar mwenye moyo wa biashara na rafiki gereji anaweza kuwa wa kwanza. Wa kwanza hupata jina. Pia ndiye hula hasara ya kuwafundisha wateja kwamba huduma ipo.

Mahakamani. Afrika Kusini OT huandika ripoti za kitaalamu kwa madai ya ajali za barabarani dhidi ya mfuko wao, RAF: mtu huyu hataweza tena kupika, kunyanyua, kufanya kazi aliyokuwa akifanya, na gharama ya maisha yake yote ni hii. Ni kazi inayolipa vizuri na kuchelewa sana, na wakili wa upande wa pili atakuhoji kama mhalifu. Usiiguse kabla ya miaka kumi ya kazi. Mawakili wa Mombasa na Dar bado wanategemea ripoti ya daktari peke yake. Kuna mlango hapo, umefungwa kwa komeo tu.

Ughaibuni. Kwa walio huko au wanaopanga, njia mpya iliyo imara zaidi England ni kliniki za madaktari wa familia: tangu 2020 zinaweza kuajiri OT kwa fedha za mpango wa taifa, na kazi ni wazee dhaifu, afya ya akili na kurudi kazini. Ila kwanza lazima usajiliwe na HCPC, baraza la huko la taaluma za afya, na mshahara wa kuanzia NHS, ngazi ya Band 5, ulikuwa paundi 31,049 kwa mwaka 2025/26. Kodi ya nyumba ya London itakuonyesha maana ya nambari hiyo. Marekani mshahara wa kati wa OT ulikuwa dola 96,370 kwa takwimu za Mei 2023, lakini mlango wa chini ni shahada ya uzamili na mtihani wa NBCOT, kwa hiyo diploma peke yake itakukwamisha uwanjani. Nchi za Ghuba zinaajiri zaidi kwenye vituo vya watoto, na uhakiki wa vyeti unapita kampuni ya DataFlow. Kote huko utaulizwa saa za mazoezi ya vitendo, kwa sababu WFOT, shirikisho la OT duniani, inadai zisizopungua 1,000. Kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo, kile ulichotaka kuchoma baada ya mahafali, kitafute leo.

Ningekuwa na barua mbili mezani

Mwenye watoto wadogo na mkopo benki, kati ya kiwanda na kambi, aende kiwandani. Asiye na mzigo, chini ya miaka thelathini, ningempeleka kambini kwa mkataba mmoja na nusu, kisha arudi kabla hajageuka mratibu. Kati ya nyumba na karakana, kwa mtu anayetaka kujiajiri, nachagua karakana kila mara, halafu nyumba ziwe nyongeza, kwa sababu kila kiti mwendo unachokabidhi kinakupeleka mpaka mlangoni ambako hakipiti, na hapo kazi ya pili imejileta yenyewe. Aliyetoka chuoni mwezi uliopita simpi yoyote. Aombe wodi, hata ya kujitolea, akae miaka miwili apate mikono. Mwenye kiwanda atajua ndani ya dakika tano kama hujawahi kumwinua mtu aliyepooza.

Na kabla ya kuacha kazi, jaribu. Sheria ya Tanzania inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, ya Kenya siku 21 za kazi. Chukua wiki mbili kati ya hizo, omba kukaa karakana, au mfuate ofisa usalama mmoja kwenye ukaguzi wake, au pima nyumba tatu za ndugu zako bure. Beba futi ya chuma ya mita tano, daftari, na viatu vya kufunika vidole. Siku ya kwanza usipendekeze chochote. Pima tu, andika, uliza bei ya saruji.